Kabla Hamjachanga Pesa za Monita za Masikioni, Nisikizeni

Nianze na kuomba msamaha, halafu nikimaliza niwe mkali kidogo.

Mwaka jana nilitengeneza video fupi nikiwa nimevaa monita za masikioni, zile zisizo na waya, nikasema bendi yoyote ambayo bado inatumia spika za sakafuni imebaki nyuma. Nilikuwa nimesimama kwa steji ya watu wengine, na vifaa vya watu wengine, chini ya taa za watu wengine. Hiyo video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Nilifurahi sana. Hata nilimtumia mamangu, ambaye tangu niache chuo mwaka wa pili huniuliza kila Jumamosi kama hiyo kazi ya simu ina mshahara.

Miezi michache baadaye nikapigiwa simu na nambari nisiyoijua.

"Ni wewe yule kijana wa masikio?"

Nikasema ndiyo, mama, ni mimi.

"Mimi ni mweka hazina wa kwaya. Tuliangalia video yako. Tukafanya harambee, tukanunua. Sasa zinalia kama mzinga wa nyuki na hakuna mtu anasikia mwenzake. Tumekosea wapi, kijana wangu?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Kanisa lenyewe liko upande wa Nakuru. Nilipanda matatu Jumamosi asubuhi, nikakuta kila kitu kimepangwa mezani vizuri, sanduku bado halijakunjwa, risiti iko ndani. KSh 42,000. Transmita moja na risiva nne za kuvaa kiunoni. Ukumbi wa mabati, dramu za kawaida, kinanda, gitaa la besi, waimbaji tisa kwa maikrofoni nne, na mikisa ya zamani ya chaneli 12 ambayo ina AUX mbili tu. Nilipoona hizo AUX mbili nilijua kosa si la kwaya. Kosa ni langu, maana katika video yangu nzima sikutaja mikisa hata mara moja.

Wacha nieleze, juu hapa ndipo pesa za watu wengi hupotea.

Monita, iwe ya sakafuni au ya sikioni, ni mdomo tu. Inasema kile ambacho mikisa imeiambia. Ukitaka mpiga dramu asikie besi na kinanda, na mwimbaji asikie sauti yake na kinanda kidogo, hizo ni miksi mbili tofauti, na kila miksi inahitaji njia yake ya kutoka kwenye mikisa. Njia hizo ndizo AUX. Ukiwa na AUX mbili una miksi mbili, basi. Unaweza kununua risiva 20, zote zitabeba kitu kilekile. Wale watu wanne wenye vifaa kiunoni walikuwa wanasikia miksi moja, na mpiga dramu alikuwa ameomba kinanda kiongezwe hadi waimbaji wakawa hawajisikii tena. Kisha waimbaji wakaomba sauti zao ziongezwe. Kisha mpiga dramu akapiga kwa nguvu zaidi. Unajua venye hiyo hadithi huisha.

Kuna jambo la pili, na hili hata mafundi wenye miaka mingi hulikosea. Ile AUX moja waliyotumia ilikuwa ya mwangwi, yaani inachukua sauti baada ya feda. Feda ni ile ya kusukuma juu na chini. Sasa mtu wa saundi akiona dada wa sauti ya kwanza amezidi kwa ukumbi, anamshusha kidogo. Papo hapo dada anapotea masikioni mwake mwenyewe. Anadhani hajasikika, anaanza kupiga kelele. Monita inatakiwa ichukue sauti kabla ya feda, ndio kinachofanyika kwa ukumbi kisimguse aliye juu ya steji. Kwa mikisa nyingi ni kitufe kidogo tu cha kubonyeza. Kwa hiyo ya kwao hakikuwepo. AUX moja ilikuwa ya kabla, nyingine ya baada, na hakuna aliyewaambia ni ipi ni ipi. Muuzaji hakuwaambia. Mimi sikuwaambia.

Halafu kulikuwa na fumbo lililowasumbua kabisa: Alhamisi wakati wa mazoezi zilifanya kazi poa, Jumapili zikakatakata. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameanza kusema ni vita vya kiroho. Ukweli ni kwamba seti yao inatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wai-fai. Alhamisi walikuwa watu kumi na kitu. Jumapili watu wamejaa, kila mmoja na simu, wengine wamewasha hotispoti, na juu ya hayo miili ya binadamu ni maji, na maji hunywa hayo masafa vizuri sana. Transmita nayo ilikuwa nyuma ya ukumbi kwa meza ya saundi, kwa hivyo ishara ilikuwa inapita katikati ya waumini wote kabla ifike mbele. Hapo nilisaidia kidogo. Tulibeba transmita tukaiweka kando ya steji, juu ya kabati, mahali ambapo risiva zinaiona bila mtu katikati. Kukatika kukapungua. Hakukuisha.

Sasa msimamo wangu, na niko tayari kugombana nao: bendi changa na kwaya nyingi hapa kwetu hazihitaji monita za masikioni zisizo na waya. Si kwanza. Zinahitaji steji iliyotulia, mikisa yenye njia za kutosha, na waya. Waya ya kawaida, ile ya kukanyagwa.

Najua waya haipendezi kwa video. Mimi ndiye ninayerekodi, najua. Lakini angalia bendi yenu vizuri uniambie nani anatembea. Mpiga dramu amekaa. Wa kinanda amekaa au amesimama pale pale masaa matatu. Wa besi anacheza hatua mbili kulia, mbili kushoto, mita tatu ya waya inamtosha. Hawa watatu mkiwapa kiampu kidogo cha hedifoni kila mmoja, kile cha kushika kwa mshipi au kuweka kando ya kiti, na waya moja kutoka AUX ya mikisa, mmemaliza shida yao kwa pesa kidogo kuliko risiva moja ya maana. Behringer wanatengeneza P1 na P2 za kazi hii hasa. Hakuna masafa ya kugombania. Hakuna kuchelewa. Hakuna betri ya transmita kuisha wakati bibi harusi anaingia.

Na tukisema kuchelewa, tafadhali, kuna watu wanatumia zile za Bluetooth. Nimeona kwa macho yangu, kijana wa kinanda na zile nyeupe za simu, kwa harusi ya watu. Bluetooth ya kawaida huchelewa zaidi ya sehemu 100 za elfu za sekunde. Inaonekana kidogo ukisema. Sasa piga hesabu: sauti hewani husafiri mita 340 na kitu kwa sekunde, kwa hivyo sehemu 100 za elfu ni kama monita imewekwa mita 34 kutoka kwako. Uwanja wa basketboli una mita 28. Huyo kijana alikuwa anapiga kinanda akisikiliza spika iliyo nje ya uwanja. Na bado alikuwa anamlaumu mpiga dramu.

Wa kutembea ni nani? Kiongozi wa nyimbo, na labda mpiga gitaa mwenye mbwembwe. Hao wawili ndio wenye sababu ya kuvaa zisizo na waya. Mkifika huko nunueni moja nzuri badala ya nne za kubahatisha, na mwulize muuzaji inatumia masafa gani kabla ya kuuliza bei. Televisheni ya analogi ilizimwa Kenya mwaka 2015, na sehemu ya masafa yaliyokuwa ya televisheni yakaenda kwa mitandao ya simu. Seti za zamani zilizotengenezwa kwa masafa hayo bado zinauzwa mitumba, bei rahisi, na sasa unajua kwa nini ni rahisi. Ukienda Luthuli Avenue utaambiwa "hii ndiyo makanisa makubwa yanatumia." Uliza tena: masafa gani?

Narudi kwa mikisa kwa sababu ndiyo moyo. Kama mna pesa ya kitu kimoja mwaka huu, nunueni mikisa. Ile XR18 ya Behringer, kwa mfano, ina AUX sita, na kila mwanamuziki anaweza kufungua programu kwa simu yake na kujipangia miksi yake bila kumpungia mkono mtu wa saundi kama anayesimamisha matatu. Hiyo peke yake huokoa urafiki. (Msitegemee Wai-fai ya ndani ya hiyo mikisa siku ya watu wengi. Tafuteni ruta ya kando, hata ya bei ya chini.) Si lazima iwe hiyo. Mikisa ya analogi yenye AUX nne za kabla ya feda bado ni mali. Kanuni yangu ni hii: hesabu masikio yanayotaka vitu tofauti, halafu ndio uhesabu spika.

Sasa nije kwa monita za sakafuni, zile nilizozitukana.

Zile spika zimekuwa na kazi kubwa, na zina historia. Mwaka 1965 Beatles walipiga pale Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, bila monita hata moja ya steji. Mashabiki walipiga kelele hadi bendi ikawa haijisikii. Walikuwa wanaangaliana kufuata mdundo. Kutoka siku kama hizo ndio watu wakaanza kugeuza spika zimwangalie mwanamuziki. Hiyo si teknolojia ya kuonea aibu.

Na mimi nasema muziki wetu mwingi unaitaka. Fikiria mtu wa mugithi, yuko peke yake na gitaa, kazi yake yote ni kuongea na watu. Anarusha mstari, wanamrudishia. Fikiria ohangla, au mwimbishaji wa kwaya anayebadilisha wimbo papo hapo kulingana na venye watu wameitika. Ukimzibia masikio yote mawili umemkata kutoka kwa watu. Ataimba kama yuko studio, na ukumbi utapoa, na atashuka akiuliza kwani leo watu wana nini. Wale wa steji kubwa hutatua hili kwa kuweka maikrofoni mbili zinazowaangalia watu, sauti yake inaingia masikioni tu, haiendi kwa spika za ukumbi. Inafanya kazi vizuri. Lakini inakula chaneli mbili za mikisa, na inahitaji mtu wa saundi anayejua lini aziongeze na lini azishushe. Kama hamna hiyo, mwachieni kiongozi wa nyimbo spika yake moja sakafuni.

Lakini iwekwe sawa! Maze, hapa nimeona mambo. Monita imewekwa mita nne mbele, inaangalia magoti. Magoti hayana masikio. Isogeze, iinue, ielekee uso. Ukikata umbali kwa nusu unapata desibeli 6 za bure, bila kugusa kitufe.

Na angalia maikrofoni. Ile Shure SM58 ambayo kila mtu anaijua husikia kidogo zaidi upande wa nyuma kabisa, mkiani, kwa hivyo monita inakaa moja kwa moja mbele ya mwimbaji, nyuma ya maikrofoni. Beta 58A ni tofauti, sehemu yake ya uziwi iko pembeni kwa nyuma, kwa hivyo monita inakaa kando kidogo, kushoto au kulia. Watu hununua ile ya bei kubwa, wanaacha monita pale pale palipokuwa, inapiga mluzi, wanasema maikrofoni ni feki. Halafu kuna wale wa kufunika kichwa cha maikrofoni kwa kiganja kama wanarap. Ukifunika hivyo umeziba mashimo yanayoifanya iwe na upande wa uziwi. Sasa inasikia kila mahali, na itapiga mluzi tu. Shika mwili, acha kichwa.

Maikrofoni zikizidi pia ni shida. Kila ukizidisha mara mbili idadi ya maikrofoni zilizo wazi unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla mluzi uanze. Ile kwaya ilikuwa na nne, na kila mtu amesimama hatua moja nyuma kwa heshima, kama maikrofoni inauma. Tulipunguza hadi tatu, nikawasogeza karibu. Mama mmoja akaniambia, "Kijana, nikikaribia hivi si nitaonekana nataka kujionyesha?" Nikamwambia mama, ukikaa mbali mtu wa saundi ataongeza, na akiongeza ataongeza dramu pia, juu maikrofoni haijui jina lako. Akacheka, akasogea.

Dramu sasa. Hapa nataka kuwa mkali.

Shida nyingi za monita si shida za monita. Ni shida za kelele. Mpiga dramu anapiga kama anaua nyoka, mpiga gitaa anaongeza ampu ajisikie, wa besi anamfuata, waimbaji wanalia hawasikii, na mwisho wa siku bendi inachangisha pesa kununua kifaa cha kushinda kelele yake yenyewe. Chini ya mabati ni mbaya mara mbili kwa sababu sauti haitoki, inazunguka. Kabla ya kununua chochote chukueni ile ampu ya gitaa iliyo sakafuni ikimpigia mwenyewe visigino, iwekeni juu ya kreti ya soda na muilaze kidogo imwangalie usoni. Atashusha mwenyewe. Nimefanya hivi zaidi ya mara kumi na kila mara mpiga gitaa husema, "ala, kwani ilikuwa juu hivi?" Eeh, ilikuwa juu hivi. Sisi wengine tulijua.

Nina rafiki, mpiga dramu, tumekua pamoja mtaa mmoja. Ni kati ya wapigaji wazuri nimewahi kurekodi. Yeye alikuwa na monita za masikioni kabla yetu sote, na alikuwa na ile tabia karibu kila mtu anayo: moja iko sikioni, nyingine inaning'inia shingoni, ndio asikie bendi. Nimewahi kumrekodi hivyo na kuandika chini yake kwamba huo ndio ustaarabu. Kile hakuna aliyetuambia ni kwamba ukitoa moja, lile sikio lililo wazi linapigwa na dramu zote, na lile lililofungwa unaliongezea sauti ili lishindane. Yaani unaumiza yote mawili, kila moja kwa njia yake. Masikio mawili yakisikia pamoja hayahitaji sauti kubwa kama sikio moja likiwa peke yake.

Mwaka huu alianza kusikia mlio usioisha kwa sikio la kulia. Wembamba, kama televisheni ya zamani ikiwa imewashwa chumba cha pili. Alidhani ni stima ya nyumba. Alizima mpaka meni siwichi. Alipopimwa akaonyeshwa mstari wake kwenye karatasi, umeshuka shimo karibu na 4,000 Hz, mahali ambapo kelele hupenda kuanza kula. Zile seli za nywele ndani ya sikio la binadamu zikifa haziroti tena. Ana umri wangu. Sisi si wazee, tuko na miaka ishirini na kidogo.

Shule niliiacha, lakini logarithimu nilitoka nazo, na ndizo peke yake ninazotumia. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa masaa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. 88 ni masaa manne. 91 ni mawili. 94 ni saa moja. 97 ni nusu saa. 100 ni dakika 15. Mpiga dramu akiketi nyuma ya dramu za kawaida anapita 100 bila hata kujitahidi, na ibada ni masaa matatu, na baada ya ibada kuna mazoezi ya vijana. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vya kumbi za muziki mwaka 2022 liliweka wastani wa desibeli 100 kama kikomo cha juu, na hapo wanaongelea watu waliokuja kusikiliza, wanaoweza kutoka nje wakichoka. Mpiga dramu hawezi kutoka nje.

Kwa hivyo mtu wa kwanza kupewa monita za masikioni kwa bendi yenu asiwe mwimbaji maridadi. Awe mpiga dramu. Hata historia iko upande wangu: kampuni ya Ultimate Ears ilianza mwaka 1995 baada ya Jerry Harvey, fundi wa monita wa Van Halen, kumtengenezea mpiga dramu wao Alex kitu cha sikioni maana steji ilikuwa imemshinda. Ilianza kwa dramu. Sisi tumeigeuza ikawa hereni.

Na zile za sikioni zenyewe zizibe. Hapo ndipo kazi iko. Zile zinazokuja bure ndani ya sanduku mara nyingi hazizibi. Kama kidude chake cha mpira ni kidogo kuliko tundu la sikio lako, besi inavuja, unaongeza sauti, na faida yote imeisha. Jaribu vile vya sponji, unavifinya, unavisukuma ndani, unavishika hadi vivimbe. Ukiviweka sawa na ukisema "moja mbili" utasikia sauti yako ndani ya kichwa kama una mafua. Hiyo ndiyo ishara. Watu huchukia hiyo hali siku ya kwanza, wanatoa. Ipe wiki mbili za mazoezi kabla ya kuipeleka kwa watu. Na wekeni limita mahali sauti inapotoka kwenda masikioni, kwa sababu siku mtu atachomoa jeki bila kuzima chaneli, ule mlipuko hautaenda kwa spika iliyo mita mbili. Utaenda sentimita mbili kutoka kwa ngoma ya sikio.

Wazee wa rumba huniambia, sisi tulipiga miaka yote bila hayo makitu na tulikuwa tunaelewana. Nawaheshimu sana, na nusu ya hilo ni kweli kabisa. Walisimama karibu, ampu zilikuwa ndogo, walisikilizana, kiongozi akiinua kidole wote wameona. Bendi nyingi changa zingefaidika kwa kusimama karibu tu, bila kununua kitu. Ile nusu nyingine, ninapowauliza swali wengi wao husema "ati?", nami narudia, na hawapendi niiandike hiyo lakini nimeiandika.

Kule Nakuru hatukufanya miujiza. Ile AUX ya kabla ya feda niliichukua ikaenda kwa spika moja ya sakafuni, tuliyoazima kwa kanisa jirani, ikae mbele ya waimbaji. Ile ya mwangwi ikawa ya mpiga dramu na wa kinanda, kwa waya, kupitia viampu viwili nilivyonunua mwenyewe, na mtu wa saundi akaapa hatagusa feda za kinanda na besi wakati wa wimbo. Si njia nzuri. Ni njia ya mikisa waliyo nayo. Mpiga dramu, kijana wa kidato cha tatu, aliziba masikio yote mawili, na wimbo wa tatu akawa anapiga taratibu bila kuambiwa na mtu. Mwimbishaji wao akakataa kuvaa chochote. Akasema yeye husikia wimbo kutoka kwa watu, na kama hawasikii wao, yeye haimbi. Video yangu ya mwaka jana ingemcheka. Nilimsogezea spika karibu.

Ile video bado ipo. Nilifikiria kuifuta, halafu nikaona kufuta ni kama kuhepa, kwa hivyo nimeiwekea maneno juu, na hii hapa ndiyo sehemu ya pili yake.

Ile seti ya 42,000 iko kwenye kabati la kanisa. Mweka hazina anasema hawezi kumwuzia mtu mwingine bila kumwambia ukweli, na akimwambia ukweli hatanunua. Nimemwambia nitainunua mimi, kwa bei ileile waliyolipa, kidogo kidogo. Awamu ya kwanza nilituma kwa M-Pesa Ijumaa. Akanijibu: "Imefika. Asante mwanangu. Na hiyo waya ya dramu imeanza kukwaruza, ukuje na nyingine."